Nyimbo kumi, mmoja tu wake: kuipima "Southern Blood" ya Gregg Allman

Gregg Allman, mwimbaji wa bendi ya roki ya Marekani The Allman Brothers Band, alifariki tarehe 27 Mei 2017 nyumbani kwake Richmond Hill, karibu na Savannah katika jimbo la Georgia, akiwa na umri wa miaka 69. Saratani ya ini ndiyo iliyomwondoa. Miezi mitatu na siku kadhaa baadaye, tarehe 8 Septemba, ikatoka "Southern Blood", albamu yake ya mwisho, aliyoirekodi huku akijua hali ya mwili wake. Ina nyimbo kumi. Kati ya hizo ni mmoja tu wenye jina lake kwenye safu ya watunzi, na hata huo aliutunga kwa kushirikiana na mpiga gitaa wa bendi yake, Scott Sharrard.

Tisa zilizobaki zimetoka kwa wengine: Bob Dylan, Jackson Browne, Tim Buckley, Willie Dixon, Lowell George wa Little Feat, Jerry Garcia na Robert Hunter wa Grateful Dead, na kadhalika. Hesabu hiyo ndiyo inayozua mabishano kila albamu hii inapotajwa. Wapo wanaoiona kuwa wosia mzuri kuliko wowote ulioachwa na mwanamuziki wa roki ya Kusini mwa Marekani. Wapo pia wanaosema mtunzi wa "Whipping Post", "Midnight Rider" na "Melissa" hakupaswa kuaga dunia kwa maneno ya kuazima. Nina upande wangu na sitauficha, ila upande wa pili una hoja nzito kuliko mashabiki wanavyotaka kukubali, kwa hiyo nauanza huo.

Kumbuka alikotoka huyu mtu. Mwaka 1969, akiwa na miaka 21, alikuwa ndiyo kwanza ametoka California kujiunga na bendi mpya ya kaka yake Duane, hiyohiyo The Allman Brothers Band, mjini Jacksonville, Florida. Usiku mmoja wimbo ukamjia akiwa katika nyumba alikofikia. Hakutaka kuwasha taa akawaamsha waliolala, na karatasi hakuwa nayo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alichukua kiberiti, akawa anawasha njiti na kuizima, kisha anaandika kwa ncha iliyoungua juu ya kitambaa cha meza ya kupigia pasi. Hivyo ndivyo "Whipping Post" ulivyozaliwa. Utangulizi wake una mapigo kumi na moja, hesabu ambayo wapiga roki wengi wangeikwepa, na kijana aliyeutunga hakujua hata kwamba amefanya jambo lisilo la kawaida mpaka kaka yake alipomhesabia.

Mtu aliyeanza namna hiyo unamtarajia aendelee kuandika hadi pumzi ya mwisho. Haikuwa hivyo. Utunzi wake ulianza kukauka mapema. Albamu ya studio iliyotangulia hii, "Low Country Blues" ya mwaka 2011, ilikuwa na nyimbo kumi na mbili, karibu zote bluzi za zamani, na mmoja tu mpya, "Just Another Rider", aliotunga pamoja na mpiga gitaa Warren Haynes. Ukizijumlisha albamu hizo mbili za mwisho za studio unapata nyimbo ishirini na mbili, na mkono wake kama mtunzi umo katika mbili tu. Zote mbili alisaidiwa.

Na si kwamba alikosa la kusema. Baba yake aliuawa kwa risasi mwaka 1949, Gregg akiwa na miaka miwili tu. Duane alikufa kwa ajali ya pikipiki mjini Macon tarehe 29 Oktoba 1971, akiwa na miaka 24. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 11 Novemba 1972, mpiga besi Berry Oakley naye akafa kwa pikipiki, mji uleule, mitaa michache tu kutoka pale alipoanguka Duane, naye akiwa na miaka 24. Halafu ikaja heroini, zikaja ndoa zilizovunjika moja baada ya nyingine, ikaja kesi ya dawa za kulevya ya mwaka 1976 ambamo alitoa ushahidi dhidi ya mfanyakazi wa bendi, na wanabendi wenzake wakamgeuzia mgongo. Mwaka 2010 alipandikizwa ini. Mambo hayo aliyasimulia kwa uwazi katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2012, na kitabu kile kinaonyesha mtu mwenye kumbukumbu kali na ulimi usiokwepa. Maneno alikuwa nayo. Wanaomlaumu wanauliza kwa nini hayakufika kwenye nyimbo, na swali hilo ni la haki.

Kuna lawama nyingine, ndogo lakini ya kweli. Ukiiondoa huzuni ya msiba, baadhi ya nyimbo humu ni za kawaida. "I Love the Life I Live" wa Willie Dixon unapigwa kwa ustadi na kwisha bila kukuachia kitu. "Love Like Kerosene", ambao Sharrard aliuandika peke yake, ni wimbo wa jukwaani: unafaa saa nne usiku, watu wamesimama, ala za kupuliza zinajibizana na gitaa. Ndani ya albamu hii, baada ya yale yaliyoutangulia, unasikika kama mgeni aliyekosea mlango. "Blind Bats and Swamp Rats" nao una mdundo mzuri wa kinamasi na maneno mepesi. Nyimbo tatu katika kumi si kidogo. Msanii angekuwa hai na mzima wa afya, wachambuzi wangeligusia hilo bila kusita. Kifo kiliwafunga midomo wengi wetu, na tukawa tunapima mazishi badala ya muziki.

Baada ya kuyasema hayo yote, bado naamini hoja ya "nyimbo za kuazima" imejengwa juu ya msingi mbovu.

Chukua "At Fillmore East", albamu iliyorekodiwa New York mwezi Machi 1971 na ambayo karibu kila mpenzi wa roki anaihesabu miongoni mwa rekodi bora kabisa za jukwaani. Ilipotoka ilikuwa na vipande saba. Vinne kati ya hivyo si vya bendi: "Statesboro Blues" wa Blind Willie McTell, "Done Somebody Wrong", "Stormy Monday" na "You Don't Love Me". Hakuna anayesema The Allman Brothers Band walidanganya kwa kufungua albamu yao kuu kwa wimbo wa kipofu mpiga gitaa wa Georgia wa miaka ya 1920. Muziki wa Kusini ulikua hivyo. Wimbo hupita mikononi, na anayeupokea anapimwa kwa anachoufanyia. Kuanza kudai, mwaka 2017, kwamba mtu huyohuyo aliyelelewa na desturi hiyo ahesabiwe kwa idadi ya nyimbo alizoandika ni kumpima kwa kipimo kisicho chake.

Tena tunao ushahidi wa jinsi alivyokuwa akiupokea wimbo. Katika albamu yake binafsi ya kwanza, "Laid Back" ya mwaka 1973, aliimba "These Days" wa Jackson Browne, rafiki yake tangu siku za Los Angeles. Mwishoni mwa wimbo huo Browne anamwomba msikilizaji asimkumbushe makosa yake, kwa sababu hajayasahau. Allman akaubadili mstari: kwake yeye ni kwamba anayafahamu. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini mtu ambaye hajasahau anaitazama jana, na mtu anayefahamu yuko ndani ya makosa hayo leo, asubuhi hii, na Gregg Allman wa 1973 alikuwa hasa mtu wa namna hiyo. Zaidi ya hapo aliupunguza mwendo, akauacha uvute pumzi, na Browne alipourekodi wimbo wake mwenyewe mwaka huohuo alikiri kwenye jalada la albamu kwamba mpangilio umetokana na ule wa Allman. Mwenye wimbo alijifunza wimbo wake kutoka kwa mwimbaji. Kama huo si utunzi, basi ni kitu kilichokaa jirani naye kabisa.

Sasa rudi kwenye "Southern Blood" uzitazame nyimbo zilivyochaguliwa. Yeye na prodyuza Don Was hawakuokota tu vipenzi vya zamani. "Going Going Gone" wa Dylan ni maneno ya mtu aliyefika ukingoni na anayeuona ukingo wenyewe. "Once I Was" wa Tim Buckley, aliyekufa na miaka 28, unauliza kama utakumbukwa. "Willin'" ni wa dereva wa lori aliyechakazwa na barabara na bado yuko tayari kwa safari nyingine. "Black Muddy River" unamtaka mtu atembee peke yake kandokando ya mto wa giza, akijiimbia. Wimbo huo una historia yake: tarehe 9 Julai 1995, katika onyesho la mwisho kabisa la Jerry Garcia na Grateful Dead mjini Chicago, ndio uliokuwa wa mwisho kwa Garcia kuuongoza kwa sauti yake. Allman alikuwa mtu wa kizazi hicho. Bendi hizi mbili zilishiriki jukwaa moja huko Watkins Glen mwaka 1973 mbele ya umati unaokadiriwa kufika watu 600,000. Sioni namna ambavyo angeweza kuuchagua bila kujua anakamata nini.

Mahali pa kurekodia nako kulichaguliwa. Walikwenda FAME, studio ya Rick Hall huko Muscle Shoals, Alabama, mwezi Machi 2016, wakafanya kazi kwa siku tisa na bendi yake ya kawaida ya safari. Ni studio ambayo Duane alipata riziki yake mwaka 1968 kama mpiga gitaa wa kukodiwa. Gitaa lililo nyuma ya mwimbaji Wilson Pickett katika "Hey Jude" ni lake. Mwaka huohuo ndugu hao wawili walirekodi hapo na bendi yao ya Hour Glass, wakapiga muziki walioutaka wao, na kampuni yao huko California ikaukataa. Miaka 48 ikapita. Mdogo mtu akarudi peke yake kwenye jengo lilelile, ini likiwa limeharibika kwa mara ya pili, kurekodi kwa namna aliyoitaka. Hata "Out of Left Field", wimbo wa mapenzi uliojulikana kwa sauti ya Percy Sledge, uliandikwa na Dan Penn na Spooner Oldham, watunzi waliopikwa kikazi hapohapo Muscle Shoals. Anauimba kwa utulivu, bila kumwiga Sledge hata kidogo.

Kisha unakuja wimbo wa kumi, "Song for Adam", na hapa naomba tukae kidogo.

Browne aliuandika akiwa kijana, juu ya rafiki aliyekufa ghafla. Ni wimbo wa mtu asiye na uhakika: hajui vizuri kilichotokea, anajua tu kwamba rafiki yake aliacha kuimba katikati ya wimbo. Allman aliupenda tangu zamani, na kila aliyeijua historia yake alielewa Adam wake ni nani. Kwenye rekodi anaanza chini, sauti ikiwa na mikwaruzo, kila neno likiwa limewekwa mahali pake. Browne mwenyewe anamsindikiza. Wanafika ubeti wa mwisho, kwenye maneno yale kuhusu kuimba kulikokatika, na sauti ya Allman inakwama. Alishindwa kumalizia. Mistari iliyobaki haikuimbwa siku ile, na siku nyingine ya kuiimba haikupatikana. Don Was hakumtafuta mtu wa kuijaza, wala hakuikata. Ala zinaendelea pale ambapo maneno yalipaswa kuwa.

Wenye shaka wanasema hiyo ni kuuza machozi. Kama kosa la studio lingeweza kurekebishwa, prodyuza mwadilifu angelirekebisha. Na kama halikuweza, angechagua wimbo mwingine wa kufungia albamu. Nimeifikiria sana hoja hii, kwa sababu uchuuzi wa vifo vya wanamuziki ni jambo la kweli na ni la aibu. Kilichonishawishi ni jinsi muziki wenyewe unavyofanya pale pengo linapotokea. Haupandi. Hakuna kinanda kinachojaa ghafla kukuambia ulie, hakuna korasi inayoingia kuokoa. Bendi inakwenda kwa mwendo uleule, kwa sauti ileile, kama ingekwenda kama mstari ungekuwepo. Anayetaka kuuza machozi hafanyi hivyo. Isitoshe, meneja wake Michael Lehman alieleza kwamba Allman alisikiliza baadhi ya nyimbo zilizokamilika usiku wa kuamkia kifo chake. Kwa hiyo hii ni kazi aliyoishiriki mpaka mwisho, si mabaki yaliyookotwa baada yake.

Basi tuje kwenye ule mmoja alioutunga, "My Only True Friend", unaofungua albamu. Mwanamume anamwambia mwanamke anayempenda kwamba barabara ndiyo rafiki yake pekee wa kweli, kwamba nyumbani hapakaliki, na kwamba akishaondoka anatumaini muziki wa nafsi yake utaendelea kumjia. Maneno ni mepesi, magitaa yamelazwa chini ya sauti, na mwishoni hofu inajitokeza waziwazi: hawezi kuvumilia kufikiri kwamba huenda huu ndio mwisho. Kwa upande mmoja, ni uthibitisho kwamba mkono wake haukuwa umekufa. Kwa upande wa pili, wimbo huu ndio shahidi mkubwa wa wanaolalamika, maana mtu akikuonjesha chakula namna hii kisha akakufungia jiko, unabaki na njaa. Hapo siwezi kuwabishia.

Wimbo huo ulishindania tuzo ya Grammy mwaka 2018 katika kundi la nyimbo za asili za Kimarekani, na albamu nzima ikashindania ya albamu bora ya Americana, yaani muziki wenye mizizi katika country, folk na bluzi. Kote kuwili Allman alishindwa na mtu mmoja, Jason Isbell, mzaliwa wa kaskazini mwa Alabama ambaye naye alianzia kazi yake ya utunzi hapohapo FAME. Wimbo wa Isbell, "If We Were Vampires", unazungumzia jambo lilelile, kifo, ila kutoka upande wa mume wa miaka 38 anayejua kwamba siku moja mmoja kati yao atabaki peke yake. Kama maandishi matupu, nadhani wa Isbell umesukwa vizuri zaidi. Kila mstari unaubeba unaofuata. Lakini Isbell alikuwa anakisia. Allman alikuwa na tarehe. Sikiliza anavyolitamka neno la mwisho la kiitikio, jinsi pumzi inavyopungua kabla neno halijaisha, utasikia kitu ambacho kalamu haiwezi kukiandika. Waamuzi walipima maandishi, na kwa kipimo hicho hawakukosea.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa jina la albamu linataja damu na Kusini, na maneno hayo Marekani hayapiti bila watu kuuliza. Roki ya Kusini kwa miaka mingi ilipeperusha bendera ya Shirikisho la waasi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliopigania kubaki na utumwa. Allman alikuwa na haki ya kulitumia jina hilo kuliko wengi. Bendi yake ya 1969, iliyofanya makazi Macon, ilikuwa na mpiga ngoma mweusi, Jaimoe, wakati ambapo katika miji mingi ya Georgia kukaa naye meza moja mgahawani kulikuwa kutafuta matata. Mwaka 2015, baada ya waumini weusi tisa kuuawa kanisani Charleston, alisema hadharani kwamba kama watu wakiitazama bendera ile wanaona utumwa, basi zichomwe zote. Hata hivyo ndani ya albamu yenyewe Kusini ni mito, barabara na sauti za waitikiaji wa kanisani. Historia ile nzito haimo. Isbell, katika albamu ileile iliyomshinda, aliimba wazi juu ya ulimwengu uliopangwa kwa ajili ya mzungu. Sioni kwamba mtu anayekufa anadaiwa wimbo wa siasa. Lakini aliyechagua jina kubwa kiasi hicho amejiongezea deni, na sehemu ya deni hilo haikulipwa.

Nikiziweka pamoja albamu zake binafsi, "Laid Back" bado iko kileleni, kwa sababu humo mtunzi na mwimbaji wana nguvu sawa. "Southern Blood" naiweka ya pili, juu ya "I'm No Angel" ya mwaka 1987 iliyomrudisha redioni, na juu ya "Low Country Blues" yenye sauti safi lakini isiyo na uharaka huu. Ingeweza kugombea nafasi ya kwanza kama ingekuwa na nyimbo tatu za aina ya "My Only True Friend" badala ya mmoja, na "Love Like Kerosene" ukabaki jukwaani, mahali unapopendeza.